Semina ya siku moja ya kupunguza ubaguzi: nipime vipi ushahidi wake?

Mleta mada: Ndugu wanajamvi, salaam. Taasisi ninayofanyia kazi inataka kuwapeleka wafanyakazi wote kwenye semina ya siku moja ya kupunguza ubaguzi, nami nimepewa jukumu la kushauri kama inafaa. Mtoa mafunzo ametuletea taarifa inayoonyesha kwamba washiriki waliojaza dodoso asubuhi walipata alama bora zaidi walipolijaza tena jioni. Bosi wangu ameridhika. Mimi nasita, ila sijui niulize nini. Naombeni ushauri.

Darubini: Ndugu mleta mada, una haki ya kusita. Dodoso la jioni hupima zaidi jinsi mshiriki alivyokwisha kung'amua majibu anayoyataka mkufunzi. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck na wenzake walichapisha mwaka 2021 mapitio ya majaribio 418, wakakuta kwamba takribani robo tatu yalihusu mbinu nyepesi, za muda mfupi na gharama ndogo, na kwamba majaribio yenye washiriki wengi yalielekea kuonyesha athari ndogo kuliko yale yenye washiriki wachache. Hiyo ni dalili kwamba tafiti ndogo zisizopata matokeo mazuri huishia kabatini bila kuchapishwa. Calvin Lai na wenzake nao walijaribu mbinu tisa mwaka 2016: zote zilipunguza upendeleo usio wa makusudi papo hapo, lakini hakuna hata moja ambayo athari yake ilidumu zaidi ya saa au siku chache. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: mlipima lini?

Mpenda Takwimu: Naafiki, ila tusiue kila kitu. Uchambuzi wa Pettigrew na Tropp wa mwaka 2006, uliojumuisha tafiti 515, ulionyesha kwamba watu wanaochangamana na kundi jingine huwa na ubaguzi mdogo zaidi. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya tafiti hizo hazikuwapanga watu katika makundi kwa kura ya bahati nasibu, na asiye mbaguzi ndiye huwa mwepesi wa kutafuta marafiki wa upande wa pili.

Afadhali utazame jaribio la Salma Mousa nchini Iraq, lililochapishwa mwaka 2020. Timu za soka za Wakristo waliokimbia ISIS zilipangwa kwa kura, baadhi zikaongezewa wachezaji Waislamu na nyingine zikaongezewa Wakristo wenzao. Waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kumpigia mchezaji Mwislamu wa timu nyingine kura ya tuzo ya uungwana, na miezi sita baadaye walikuwa wakifanya mazoezi na Waislamu zaidi kuliko wenzao. Hata hivyo, hawakuonyesha tofauti ya maana katika kwenda kula kwenye mgahawa wa Mosul, mji wenye Waislamu wengi. Uwanjani walibadilika, nje ya uwanja, si sana. Kwangu mimi hayo ni matokeo ya kuaminika kuliko alama za dodoso, hasa kwa sababu mtafiti hakuficha upande uliogoma.

Mleta mada: Nashukuruni. Je, niwaambie kwamba mafunzo au mazungumzo mafupi hayafai kabisa?

Darubini: Hapana. Mwaka 2015 jarida la kisayansi la Science lilifuta makala maarufu kuhusu mazungumzo ya mlangoni, yaani ya kuwafuata watu nyumbani kwao ili kubadili mitazamo yao, baada ya David Broockman na Joshua Kalla kusaidia kufichua kwamba takwimu zake haziaminiki. Hao hao walifanya jaribio lao huko Miami na kuonyesha, mwaka 2016, kwamba mazungumzo ya takribani dakika kumi yalipunguza chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia kwa muda usiopungua miezi mitatu. Ufupi peke yake, basi, si hoja ya kuikataa semina yenu.

Pendekeza kura ya bahati nasibu ipigwe ili nusu ya idara zianze na nyingine zisubiri, kisha baada ya miezi mitatu zilinganishwe kwa jambo linaloonekana, kwa mfano nani anachagua kufanya kazi na nani, na si kwa dodoso pekee. Idara zikiwa chache, matokeo yatayumba, kwa hiyo kama inawezekana piga kura kwa vitengo vidogo. Kipimo kikubaliwe kwa maandishi kabla ya semina kuanza, na anayepima asiwe mtoa mafunzo.