Rap ya kuimba, sauti ya kike: Auto-Tune inarukaruka kwenye kiitikio na "s" zinachoma

nusutoni:
Wakuu, msaada wa miksi. Singo ya dada mmoja, rap ya kuimba, biti (muziki wa nyuma) 140 BPM, yaani mapigo 140 kwa dakika, imeandikwa A ndogo (A minor). Kwenye Auto-Tune (plagini ya kunyoosha noti za sauti) nimeweka skeli A ndogo, Retune Speed (kasi ya kunyoosha) 0, yaani papo hapo. Vesi imekaa vizuri, ila kwenye kiitikio kuna noti inayorukaruka, na mwisho wa mistari sauti inatetemeka. Halafu "s" na "sh" zinachoma. Nikipunguza masafa ya juu anazama nyuma ya biti. Biti ni faili moja ya stirio, sina treki zake. Nianzie wapi?

Besi_Nzito:
Skeli kwanza, mengine baadaye. Biti za huzuni za trap hupenda kupandisha noti ya saba: kwenye A ndogo, G inakuwa G#. Dada anaimba G# kwa sababu ndiyo anayoisikia kwenye kinanda, lakini skeli uliyochagua haina noti hiyo, na G na A ziko mbali nayo sawasawa. Plagini inamrusha huku na huku. Iruhusu G#. Kama kiitikio hakina G ya kawaida, izime kabisa. Kama kina zote mbili, hamishia mistari hiyo kwenye treki nyingine yenye skeli yake.

Sauti ikibaki chachu (nje ya toni) hata baada ya hapo, pima biti yenyewe. Sampo iliyopunguzwa kasi hushusha wimbo wote, na senti 30 chini (senti 100 ni nusutoni moja) inamaanisha A iko karibu na 432 Hz badala ya 440. Piga A ya kinanda juu ya biti, uishushe senti chache chache mpaka mawimbi yaache kugongana, kisha andika kipimo hicho kwenye Auto-Tune.

Mtetemeko wa mwishoni ni vibrato inayovuka mpaka wa noti mbili. Pandisha Humanize: noti ndefu zitalegezwa, fupi zitabaki kali.

tundu_la_maiki:
Naongezea. Input Type (aina ya sauti inayoingia) iwe Soprano au Alto/Tenor kulingana na sauti yake. Ukiiacha Low Male utapata vilio vya ajabu. Auto-Tune ikae mwanzo wa mnyororo, kabla ya kompresa (inayosawazisha ukubwa wa sauti) na mwangwi. Na wakati wa kurekodi aisikie kwenye hedifoni, bafa (akiba ya sauti ya kompyuta) iwe sampuli 64 au 128 ili isichelewe. Mtu anayeimba bila kuisikia hatelezi kati ya noti kwa namna inayoleta ladha ile, na hakuna plagini ya kuirudisha baadaye.

Kuhusu "s": kwa wanawake wengi ziko 6 hadi 9 kHz. Diesa (plagini ya kupunguza "s") ikikata zaidi ya dB 6 msanii anaanza kusikika kama ana kithembe. Shusha kila "s" kwa mkono dB 3 au 4 kabla ya kompresa, diesa imalizie. Una dabo (sauti za kurudia juu ya sauti kuu) ngapi kwenye kiitikio?

nusutoni:
G# imekubali, asante sana mkuu. Dabo ziko nne, zote zina "s" kamili.

tundu_la_maiki:
Basi hapo ndipo panapochoma. "S" tano haziwezi kuangukia wakati uleule kabisa hata siku moja. Iache ya sauti kuu tu; kwenye dabo zifute au zififishe mpaka zibaki vokali. Mbili kushoto, mbili kulia, ukate chini ya 200 Hz.

Besi_Nzito:
Na usimpandishe dada, ishushe biti pale anapokaa: ikwaliza inayosukumwa na sauti yake, 2 hadi 4 kHz, dB 2 au 3 tu. Ukizidisha, sinea (ngoma kali ya biti) itakuwa inapumua kila akifungua mdomo. Dilei (mwangwi unaorudia sauti) ya nusu pigo kwa 140 ni ms 214 (60,000 ÷ 140 ÷ 2). Ikate chini ya 300 Hz na juu ya 5 kHz isije ikarudisha zile "s" ulizohangaika kuzitoa.