Mjadala: Mtafiti wa tiba apimwe kwa idadi ya nukuu?

Hoja: kamati za kuajiri watafiti wa afya ziweke kiwango cha chini cha faharasa ya h, tuseme 10 (yaani makala 10, kila moja imetajwa na watafiti wengine angalau mara 10), na asiyefika asiitwe kwenye usaili. Wadau wa Kigoma na Tabora, mnaonaje?

Mdau wa Cheyo, Tabora
Naunga mkono. Bila namba tunabaki na kujuana. Faharasa hii, iliyobuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, haina uganga: panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, shuka hadi namba ya mstari izidi nukuu zake, kisha rudi mstari mmoja. Mwenye makala zilizonukuliwa mara 40, 12, 5, 4 na 1 ana h ya 4. Makala moja yenye bahati haimbebi mtu.

Msomaji wa Mwanga, Kigoma
Hapo ndipo penye tatizo, ndugu yangu. Mwenye makala tatu za 300, 3 na 2 ana h ya 2. Aliyenukuliwa mara 305 anakuwa chini ya yule wa mfano wako, aliyenukuliwa mara 62! Halafu nukuu zenyewe ni za nani? Makala ya mwaka 2009 kwenye jarida la Nature, iliyoonyesha kuwa sokwe wa Gombe wenye SIV (virusi vya nyani vya jamii ya VVU) wana hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao, ina waandishi zaidi ya 20. Kila mmoja anahesabiwa nukuu zote, awe aliongoza utafiti au alichangia kipande tu.

Mtunza takwimu, Ujiji
Kabla hamjafika mbali, h hiyo mmeitoa wapi? Kuna hifadhidata kadhaa za makala na nukuu. Google Scholar huhesabu hadi tasnifu na rasimu. Scopus na Web of Science huhesabu vyanzo walivyovichuja wenyewe. Siku moja, mtu mmoja, h tatu tofauti.

Kubwa zaidi ni majina. Leo mtu anamalizia na jina la baba, kesho la babu, na Scopus inamfungulia wasifu mbili. Tuseme kila wasifu una makala 4 zenye nukuu 6 kila moja: h ni 4 huku na 4 kule. Ukiziunganisha, makala 8, h ni 6. Dawa yake: chagua jina moja usilibadilishe, fungua ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti, bure, tarakimu 16), kisha omba Scopus iunganishe wasifu. Kwenye Google Scholar zima kuongezewa makala kiotomatiki, la sivyo utabebeshwa za wajina wako.

Mdau wa Cheyo, Tabora
Basi hilo ni kosa la kumbukumbu, si la kipimo. Rekebisheni, kisha tupime.

Msomaji wa Mwanga, Kigoma
Rekebisha yote, tatizo la fani ndogo kama malale (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o) liko palepale. Malale ya Urambo na Kasulu ina watafiti wachache duniani. Wa kumnukuu watoke wapi? Malaria ina jeshi zima. Na nukuu si sifa: makala ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 kwenye jarida la The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilifutwa 2010, na imenukuliwa maelfu ya mara, nyingi zikiipinga.

Mdau wa Kitete, Tabora
Mwombaji alete makala tano anazozichagua mwenyewe, kila moja na mistari mitatu: nani alibuni swali, nani alikusanya sampuli, nani alichambua. Azimio la San Francisco la 2012, kuhusu tathmini ya utafiti, linataka kazi yenyewe ndiyo ipimwe, si jina la jarida. Makala ya jarida kanjanja, linalochapisha chochote mradi umelipa, itajianika ukisoma sehemu ya mbinu: idadi ya wagonjwa haitajwi, kibali cha maadili hakina namba.

Mdau wa Cheyo, Tabora
Waombaji 60 mara makala tano ni 300. Nani atasoma?

Mdau wa Kitete, Tabora
Chuja kwanza kwa sifa za kazi: shahada, fani, uzoefu wa maabara. Wakibaki wanane ni makala 40, wajumbe wanne, kumi kila mmoja. Asiye na muda wa kusoma kumi ameingia kwenye kamati kufanya nini?