Matembezi ya maua Riverbend: saa 3 ni saa 3

Kutoka: Mratibu, Silver Spring, Maryland
Jumapili usiku

Ndugu zangu, habari za Jumapili.

Jumamosi hii tunakwenda hifadhi ya Riverbend, upande wa Virginia, kutazama maua kando ya mto Potomac. Nilipita huko Ijumaa baada ya kazi. Vitumba bado vina rangi ya waridi, vichache vimeshageuka buluu, kwa hiyo Jumamosi ndiyo yenyewe. Tukisema tungoje wiki ya malipo, tutakuta majani matupu.

Nianze na saa, maana ndiko tulikoumia mwaka jana. Niliandika "tukutane saa 3 asubuhi". Wazee wakafika, tukatembea, tukala. Vijana waliozaliwa huku Marekani wakaona hiyo 3, neno asubuhi wakaliruka, wakatokea alasiri sisi tukiwa tunakung'uta mikeka. Mmoja alinishikia simu usoni kunionyesha kwamba hajachelewa hata dakika moja. Kwa hiyo mwaka huu: saa 3 kamili asubuhi, yaani 9:00 kwenye simu zenu. Saa 3 na robo tunaanza kutembea, hata kama aliyechelewa ni mimi. Maegesho pale ni madogo na wiki hizi za maua hujaa mapema, na ukishakosa nafasi hakuna pa kubana gari.

Njia ni tambarare. Chakula kila mtu aje na chake, ila najua mtaleta cha kulisha kijiji.


Kutoka: Mzee, Takoma Park
Jumatatu

Mratibu, nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipotaja nyama. Sijapaona. Yaani niamke Jumamosi, nivuke daraja lile la American Legion lenye foleni, niende kutazama maua yasiyoliwa? Kwetu tulikuwa tunatembea kilomita nane kwenda shule na maua yalikuwa njiani bure.

Nitakuja. Nauliza tu.


Kutoka: Mratibu
Jumatatu

Shikamoo Mzee. Nyama choma itakuja na majira ya joto. Hili ni la macho.

Haya maua wenyeji wanayaita Virginia bluebells. Ni vitarumbeta vidogo vinavyoning'inia vichwa chini, kishada kizima kwenye bua moja, na kwenye kishada hichohicho utakuta vya waridi, vya zambarau na vya buluu, kwa sababu kila kimoja kinageuka kwa wakati wake. Yanapenda tope la bonde la mto, ndiyo maana hatuendi mlimani. Huishi kwa kuwahi jua. Mwanzoni mwa Aprili miti mirefu bado iko uchi, mwanga unafika hadi chini. Mmea unachipua, unachanua na kuzaa mbegu kabla ya miti kuvaa majani. Ukirudi Juni huoni hata jani. Mzizi umelala ardhini hadi mwakani.

Na kwa kuwa umeuliza kinacholiwa: kuna vijiti vyembamba visivyo na majani, vina maua ya rangi ya damu ya mzee yanayotazama chini. Ukinusa utasikia kama kitu kinaanza kuoza, maana yanaita nzi na mbawakawa wayachavushe. Huo ndio mti wanaouita pawpaw. Si papai letu hata kidogo, jina tu limegongana. Tunda lake huiva Septemba, na ladha ni kama ndizi na embe vimepondwa pamoja. Ukiwa na subira ya miezi mitano, Mzee, utakula.


Kutoka: Mama wa mapacha, Hyattsville
Jumanne

Asante dada Mratibu. Kigari cha watoto kinapita? Na choo kiko wapi? Nauliza kwa niaba ya wengi wanaoona aibu kuuliza.


Kutoka: Mratibu
Jumanne

Choo kipo kwenye jengo la wageni palepale tunapoegesha, na baada ya hapo hakuna kingine, kwa hiyo kila mtoto aingizwe hata akikataa. Kigari kiache. Mizizi imekatiza njia na mvua ikinyesha tope linafika kwenye kifundo cha mguu. Njoo na kanga mbili za mbeleko, mmoja utambeba wewe, mwingine tutapokezana. Raba nyeupe ziacheni nyumbani, nasema na vijana.


Kutoka: Muuguzi, Germantown
Jumatano

Jamani, mmezungumza maua na nyama, kupe hamjamtaja.

Waliokulia kwenye ng'ombe wanamjua kupe wa ndigana, yule anayevimba kama harage. Wa huku msimtafute kwa sura hiyo. Kupe wa kulungu aliyekomaa analingana na punje ya ufuta, na mtoto wake ni mdogo zaidi, anapita kama doa la uchafu. Ndiye anayeambukiza ugonjwa wa Lyme. Anakaa kwenye ncha ya jani anangoja upite, kisha anapanda taratibu kutafuta mahali penye joto: nyuma ya goti, kinenani, kwapani, kwenye mstari wa nywele, nyuma ya sikio.

Vaeni suruali ndefu ya rangi nyepesi, mwisho wake uingie ndani ya soksi. Mtaonekana washamba, kuleni ushamba. Ipo dawa ya permethrin ya kupulizia nguo na viatu, jamaa moja na dawa inayowekwa kwenye vyandarua vya kwetu. Pulizeni siku moja kabla, nje ya nyumba, ikauke kabisa. Ni ya nguo, si ya ngozi.

Mkirudi, nguo zikavu ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali dakika 10 kabla ya kufuliwa. Kisha ogeni mkijipapasa, na watoto wenye misuko mpitishe vidole kila mstari. Ukimkuta amenasa, chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute juu moja kwa moja bila kumsokota. Msimpake mafuta ya taa, msimchome na kiberiti. Najua bibi alifanya hivyo. Akibanwa hivyo hutapika ndani yako, na ndicho tunachokikimbia.

Mara nyingi lazima anase zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, kwa hiyo kumtoa siku hiyohiyo ni nusu ya kinga. Ukikuta alikuwa ameshavimba, mpigie daktari mapema. Kuna dozi moja ya dawa anayoweza kukupa ndani ya saa 72 baada ya kumtoa kupe, akiona inafaa. Na katika wiki zinazofuata ukipata homa na uchovu, au doa linalotanuka polepole, nenda hospitali. Hapa niseme waziwazi: picha nyingi mnazoziona ni za ngozi nyeupe, doa jekundu lenye duara. Kwenye ngozi zetu laweza kuwa zambarau au kama jeraha la kuvilia damu, na duara lisionekane. Mtaje kupe mwenyewe, usingoje daktari akuulize.

La pili ni upupu wa huku, poison ivy. Majani matatu kwenye kikonyo kimoja, Aprili yanakuwa machanga, mekundu na yanang'aa. Tofauti na upupu wetu ni kwamba ule unakuwasha papo hapo ukajua umekosea. Huu unakuacha uende nyumbani ukiwa na furaha, unaanza kesho yake au kesho kutwa. Mafuta yake yanabaki kwenye nguo na kamba za viatu. Ukihisi umeugusa, osha kwa sabuni haraka.


Kutoka: Mwanafunzi mgeni, College Park
Jumatano usiku

Shikamooni. Sina gari, kuna basi la kufika? Halafu naweza kuja na kaptura ya kuogelea? Nimekulia ziwani, naogelea vizuri tu.


Kutoka: Mratibu
Alhamisi

Marahaba mdogo wangu. Basi la kukufikisha pale hakuna. Saa 2 kamili asubuhi, 8:00 kwenye simu, magari matatu yatakuwa nje ya kituo cha treni cha Silver Spring. Mafuta tunachangia.

Kaptura iache. Hilo ziwa lako lina mawimbi unayoyaona. Potomac hapo juu inaonekana imelala, mikondo iko chini. Kushuka kidogo tu kuna Great Falls, ambako mto unaporomoka futi 76 ndani ya umbali usiofika maili moja. Waliozama kwenye lile korongo wengi hawakwenda hata kuogelea. Walikuwa wanatembea kwenye mawe au wanavua samaki, wakateleza. Kuogelea kumekatazwa, na Aprili maji ni baridi ya kukata pumzi. Sisi tutapandisha mto, si kushuka.

Wanaosali: adhuhuri siku hizi inaingia kama saa 7 na dakika kumi mchana, tutakuwa tumesharudi kwenye nyasi za jengo la wageni. Leteni mkeka. Na maua hayachumwi, hata moja la kumbandika mtoto sikioni.


Kutoka: Mzee, Takoma Park
Jumamosi jioni

Nimefika salama. Nilikuwa wa kwanza, saa 3 kasoro dakika ishirini, na iandikwe.

Sikujua ni mengi kiasi kile. Nilidhani ni bustani, kumbe ni msitu mzima chini umemwagiwa buluu hadi kwenye kingo za maji. Yule pacha mdogo mgongoni mwangu alikuwa anayaita samaki, sijui kwa nini, basi na mimi nikawa nayaita samaki njia nzima.

Mama wa mapacha, kanga yako ya pili ninayo, ina tope. Ndani kulikuwa na kupe mmoja anatembea, nimemfungia kwenye kichupa cha dawa ili Muuguzi amwone. Mke wangu anauliza atakaa kwenye friji mpaka lini.