Meneja wetu hapa Tabora anapokea ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) ya malaria, ya sonona anaisomea kikao kizima

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na kampuni sitaitaja kwa kuwa bado nakula mshahara wake. Tunanunua tumbaku, na wanaoijua kazi hii wanafahamu kwamba msimu wa masoko ukianza karani hana Jumapili: mchana yumo ghalani akipima marobota na kusikiliza wakulima wanaobishia madaraja, usiku anafunga hesabu, na kilo zikipungua anakatwa yeye.

Mwenzetu mmoja aliishiwa usingizi kabisa. Alikwenda hospitali, daktari akamwandikia ED ya wiki moja, na ugonjwa ukatajwa kuwa sonona. Meneja aliisoma karatasi ile kwa sauti katika kikao cha asubuhi, kisha akauliza iwapo sonona nayo huonekana kwenye kipimo. Wapo waliocheka. ED haikupokelewa, na siku zote ambazo mwenzetu hakufika ziliandikwa utoro. Meneja huyo huyo akiletewa ED ya malaria hugonga muhuri bila hata kuinua macho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi alete cheti cha daktari. Haikubagua ugonjwa wa akili na wa tumbo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, wala si za kusomewa makarani na vibarua.

Halafu Oktoba 10, 2024, Siku ya Afya ya Akili Duniani ilipobeba kaulimbiu ya afya ya akili kazini, tulivalishwa fulana tukapigwa picha getini. (Yangu naifutia pikipiki.) Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuelekeza mwaka 2022 kwamba mameneja wafundishwe na mzigo wa kazi utazamwe upya, sisi hatukuongezewa hata karani mmoja.

Aliyewahi kufikisha shauri la namna hii Tume ya Usuluhishi na Uamuzi aeleze alianzia wapi, maana madai yasiyohusu kuachishwa kazi yamewekewa ukomo wa siku 60, nazo zinakwenda.