Makato ya matunzo ya mtoto Marekani: mtoto aliyeko Moshi naye ahesabiwe

Dada yetu wa Moshi, salaam.

Nimesoma swali lako kuhusu mumeo aliyeko Marekani, ambaye mshahara wake unakatwa matunzo ya mtoto wake wa kwanza kiasi kwamba ada ya mtoto mdogo mnayemlea hapo Moshi haipatikani. Kabla ya kurejea Arusha niliandaa mishahara huko huko, na naona kuna jambo la kukagua.

Sheria ya shirikisho inaruhusu makato yasiyozidi asilimia 50 kwa mfanyakazi anayemtunza mwenzi au mtoto mwingine asiyehusika na amri ya matunzo inayoagiza makato hayo, na asilimia 60 kwa asiye na mtegemezi wa namna hiyo. Malimbikizo ya matunzo yasiyolipwa yakipita wiki 12, kila ukomo huongezwa asilimia 5. Tuseme analipwa dola 2,000 kwa wiki mbili, na kodi pamoja na makato mengine ya lazima yakitoka hubaki 1,600 (akiba ya uzeeni ya hiari haitolewi kwanza, na hapo wengi hulalamika bure). Asilimia 60 ni dola 960, asilimia 50 ni 800. Ikiwa amri inadai dola 500 tu, basi hukatwa 500 na ukomo haumhusu. Lakini ikiwa inadai 1,000, mtoto wa Moshi ndiye anayeamua kama mumeo atabakiwa na dola 640 au 800, na mhasibu hawezi kumjua mtoto ambaye hakuna aliyemtaja. Mtumie mumeo cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha ndoa na stakabadhi za ada, naye aviwasilishe kwa maandishi kwa mwajiri na kwa ofisi iliyotajwa kwenye amri.

Hata hivyo, kiasi kinachobaki juu ya ukomo hakifutwi, bali kinageuka deni. Kama kipato kimeshuka, aiombe mahakama ipunguze kiwango chenyewe, tena mapema, kwa kuwa tangu mwaka 1986 sheria ya shirikisho inazuia kufuta malimbikizo ya kabla ya ombi hilo kuwasilishwa. Wale jamaa wanaomshauri ahame kazi wanampotosha: waajiri hutakiwa kuripoti kila mfanyakazi mpya, na amri humfuata. Isitoshe, mtoto wa kwanza naye ana haki yake, na hilo lisemwe wazi hata katika vikao vya ukoo.

Ukipata nakala ya amri pamoja na hati ya malipo yake ya karibuni, nitakusaidia kupitia hesabu mstari kwa mstari.

Ndugu yako wa Arusha