Vinasaba vya tembo vitumike kumfunga nani?

Hoja iliyo mezani ni hii: fedha za kupambana na ujangili ziende kwenye maabara za vinasaba (DNA), au ziende kwa askari wa wanyamapori walioko porini? Wanaopinga maabara wanasema kipimo hufika tembo akiwa amekwisha kufa, na kwamba gari moja la doria lenye mafuta lina faida kubwa zaidi. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu askari wetu kweli wanafanya kazi katika hali ngumu, lakini sikubaliani nayo.

Doria haiwezi kujua meno yaliyokamatwa kwenye kontena barani Asia yalitoka pori gani. Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikusanya kinyesi cha tembo sehemu nyingi za Afrika, wakachora ramani ya vinasaba, kisha wakalinganisha nayo vipande vya meno yaliyokamatwa. Mwaka 2015 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana katika shehena kubwa za miaka ile ilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani hifadhi za Selous na Niassa. Ni miaka ileile ambayo tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, msiba ambao mimi bado naona hatujauomboleza ipasavyo. Mwaka 2018 wakaenda mbali zaidi: walikuta jino la kushoto katika shehena moja na la kulia la tembo yuleyule katika nyingine, na kwa njia hiyo wakaunganisha shehena hizo na mitandao mitatu ya magendo iliyosafirisha meno kupitia Mombasa (Kenya), Entebbe (Uganda) na Lomé (Togo).

Hofu yangu iko kwingine. Nyama iliyokaushwa haina ngozi wala pembe za kuitambulisha, na maabara inaweza kuthibitisha kwamba ni ya swala, si ya mbuzi; hivyo ni rahisi sana sayansi hii kuishia kumfunga mwanakijiji mwenye kilo chache za kitoweo, huku mwenye kontena akibaki nje. Tukumbuke kesi ya Mombasa ya zaidi ya tani mbili za meno yaliyokamatwa mwaka 2014: mshtakiwa alihukumiwa kifungo cha miaka 20 Julai 2016, na Mahakama Kuu ikamwachia huru Agosti 2018. Vinasaba hueleza jino ni la tembo yupi, lakini havisemi nani alikuwa na ufunguo wa ghala, na kielelezo ambacho haijulikani kilipita mikononi mwa nani hakina nguvu mahakamani hata kikipimwa mara kumi.

Kwa hiyo naunga mkono maabara kwa sharti kwamba shehena kubwa zitangulie. Tangu mwaka 2013 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, zimetakiwa kuchukua sampuli ndani ya siku 90 katika kila ukamataji wa kilo 500 au zaidi, na hilo liandikwe katika sheria zetu, pamoja na wajibu wa kuwapa waendesha mashtaka wa nchi jirani matokeo yake.

Ninawauliza wanaopinga: bila kipimo hiki, ni kwa njia gani nyingine mtalikutanisha jino la kushoto na la kulia yakiwa katika bandari mbili tofauti?