Mume wangu ni dereva wa lori. Akirudi nyumbani hapumziki, nifanyeje?

MamaWaMlandizi:

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wenu, hasa madereva wa masafa marefu na wake zao.

Mume wangu anaendesha semi, Dar kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Muda wa safari unategemea foleni za mipakani. Kuna safari ya wiki mbili na kuna inayomaliza mwezi. Akiingiza gari yadi anapewa siku mbili, zikizidi sana tatu, kisha tajiri anapiga simu kwamba mzigo uko tayari bandarini.

Hizo siku mbili ndizo zimenileta hapa. Anafika usiku, anaoga, anakula kidogo, analala. Saa kumi alfajiri ameshakaa kitandani anapapasa simu. Kukipambazuka kaka yake anapiga, kuna kiwanja cha kwenda kuona Chalinze. Mchana wifi zangu wanakuja kumsalimia, na wakija wanashinda. Jioni kikao cha harusi, maana mtu anayekwenda Kongo anahesabiwa ana hela, hawezi kukosa. Kesho yake shuleni kwa mtoto, fundi wa choo, gereji ya pikipiki. Keshokutwa anabeba begi.

Mara ya mwisho alikuwa barazani, mtoto wetu wa darasa la kwanza anamsomea kitabu cha shule. Katikati ya sentensi kichwa cha baba kikaangukia kifuani, mara akashtuka na mguu wa kulia ukakanyaga sakafu kwa nguvu, kandambili ikatoka. Mtoto akacheka, akadhani baba anamchezea. Mimi nilijua ule mguu ulikuwa unatafuta breki.

Nikimwambia apumzike anasema mwili umeshazoea. Ni kweli mwili unazoea? Na hizi siku mbili nizilinde vipi bila kugombana na ukweni? Tafadhali msiniambie aache kazi. Kazi hiyo inasomesha watoto wetu na watoto wa marehemu dada yake.

MzeeWaTanzam:

Mwanangu, nimeendesha njia hiyo mpaka nilipostaafu, sasa nipo Makambako nalima. Mwili hauzoei kukosa usingizi. Kinachotokea ni kwamba mtu anaacha kutambua kuwa amechoka, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi.

Watu wa nje wanaogopa Mlima Kitonga. Kitonga dereva yuko macho mwenyewe: gia ndogo, kona, mtu jicho kwenye kioo anaangalia tela. Hata miteremko ya Inyala na Iwambi huko Mbeya ni hivyo hivyo, hofu inakuweka macho. Mimi nilikuwa naogopa tambarare ya Igawa kwenda Chimala. Joto, barabara imenyooka, injini inaunguruma sauti moja. Ukiingia pale saa nane usiku, au saa nane mchana umetoka kula ugali na nyama, macho yanafumba yenyewe. Ndiyo maana nilikuwa nalala Makambako, kuna baridi na usingizi unakuja vizuri, kisha naipita hiyo tambarare ya Usangu asubuhi.

Halafu kuna jambo madereva hawawaambii wake zao. Wengi hawalali njiani kwa sababu ya dizeli. Ukisinzia sehemu mbaya, watu wanakuja na mpira wanafyonza tangi, na yale mafuta unakatwa wewe. Kwa hiyo mtu anapaki lakini halali, anasikilizia. Muulize mumeo utingo wake analala saa ngapi. Utingo alale gari likitembea, ili likipaki yeye akae macho na dereva alale kweli, viatu vimevuliwa, pazia limefungwa. Na alipie maegesho yenye mlinzi. Ile hela ndogo inamnunulia usiku mzima.

Kufungua kioo na kuongeza muziki hakumwamshi mtu. Akihisi kope nzito, apaki, anywe kahawa kikombe kimoja, alale hapo hapo dakika ishirini. Kahawa inaanza kufanya kazi wakati anaamka. Ila asiondoke papo hapo, azunguke gari kwanza, apige matairi, akili irudi.

NesiWaZamu:

Mzee amesema kweli, na mimi naongeza upande wa hospitali.

Mtu akiwa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyojaa ndivyo usingizi unavyobana. Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinaziba tu mahali ambapo adenosini ingeshika. Haviiondoi. Kinachoiondoa ni usingizi. Na kafeini inakawia: baada ya saa tano hivi, nusu yake bado iko mwilini. Kwa hiyo akinywa kopo la mwisho Chalinze saa mbili usiku ili afike nyumbani, usishangae kumwona saa kumi alfajiri amekaa kitandani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulipima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, ukakuta utendaji wao umeshuka sawa na mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya dereva hakubaliwi kukivuka. Saa 17 si nyingi. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anazifikisha saa nne usiku. Akifikisha saa 24 ni sawa na asilimia 0.10. Ule usingizi wa barazani ni wa sekunde chache tu, lakini kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde nne ni karibu mita 90 za barabara. Na semi yenye mzigo inaweza kufika tani 56.

Dada, naomba unijibu hili: anakoroma? Na katikati ya kukoroma kuna wakati anakaa kimya, kisha anavuta pumzi kwa kishindo?

KichwaNaTela:

Dada pole. Mimi bado niko barabarani na sipingi yaliyosemwa, lakini tuseme ukweli wote. Wengi wetu tunalipwa kwa safari. Ukilala, mwenzako amekupita, mizani ya Vigwaza unaikuta na foleni, Tunduma unaikuta na foleni, na tajiri anaona kwenye simu yake gari limesimama wapi na tangu saa ngapi. Anapiga: "Mbona umelala?" Mapumziko ya dereva yanaamuliwa na anayelipa. Mkitushauri sisi bila kumgusa yeye, mzigo mnaturudishia sisi.

DerevaWaHamburg:

Kichwa amegusa penyewe. Mimi natoka Mombasa, naendesha lori Ujerumani. Huku Umoja wa Ulaya nikishaendesha saa nne na nusu lazima nisimame dakika 45. Kwa siku naendesha saa 9, na mara mbili tu kwa wiki naruhusiwa kufika 10. Usiku napumzika saa 11. Kifaa kilicho ndani ya gari kinaandika yote, na kampuni nayo inapigwa faini ikinipangia ratiba isiyowezekana. Si kwamba madereva wa huku wana nidhamu kuliko wa Tunduma. Tajiri wa huku ana cha kuogopa.

MtuWaMikataba:

Hata Tanzania sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya malipo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Kulipwa kwa safari peke yake hakumfanyi mtu asiwe mwajiriwa. Shida ni mkataba wa maandishi. Wengi hawana, na ndiyo ilikuwa moja ya hoja za mgomo wa madereva wa Aprili 2015.

Muulize mumeo alienda likizo lini, namaanisha likizo, siyo hizi siku za kusubiri mzigo. Kama hakumbuki, aiombe kwa barua na abaki na nakala. Atunze pia karatasi zenye mihuri ya mipakani, zinaonyesha alikuwa kazini tarehe zipi. Ikishindikana kabisa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini aanze na barua, tena waandike madereva kadhaa kwa pamoja, asijitokeze peke yake.

MamaWaMlandizi:

Asanteni sana. Shikamoo Mzee, la dizeli sikuwahi kulisikia, na nimeolewa na dereva miaka yote hii. Nesi, ndiyo, anakoroma, na pumzi hukatika hivyo hivyo ulivyosema. Nilidhani ni uchovu.

Bado ukweni. Nikiwaambia wasije nitaitwa mwanamke aliyemfungia ndugu yao ndani.

BintiWaTanga:

Shoga, wangu naye ni dereva, wa mabasi. Usimkataze mtu yeyote mwenyewe. Nenda kwa mama mkwe, peke yako, na kitu mkononi, sukari au kanga. Usianze na malalamiko. Mweleze yale ya barazani, mtoto anasoma, kichwa kikaanguka, mguu ukakanyaga sakafu. Kisha nyamaza. Hakuna mama atakayesikia hayo akalala.

Baada ya hapo muachie yeye awaambie wanawe. Kaka mtu akisikia kwa mama kwamba kiwanja kinasubiri, kinasubiri. Mimi mama mkwe wangu alifika mahali anakuja kukaa nyumbani kwangu siku ya kwanza mume wangu akirudi, anachambua mchele mlangoni, na anayekuja anaambiwa "amelala, njoo kesho jioni". Nani atambishia?

Kwa vikao vya harusi, peleka mchango mapema. Wanachokifuata wengi ni mchango, ukifika wa kwanza hawaulizi mwenyewe yuko wapi. Fundi wa choo msimamie wewe akiwa safarini. Na siku ya kwanza mtoto aambiwe baba ataulizwa mambo yote akishaamka.

MamaWaMlandizi:

Nimetoka kwa mama mkwe sasa hivi. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Alikanyaga na mguu gani?" Nikamwambia wa kulia. Kikao cha Jumamosi ijayo ameniambia anakwenda yeye na bahasha ya mwanawe. Wifi zangu pia ameshawapigia, nilikuwepo.

Mume wangu yuko Kapiri Mposhi, Zambia, anarudi. Nimemsomea maneno ya Mzee kwenye simu, akasema la Igawa ni kweli kabisa, na utingo watapangana.

Nesi, la kukoroma tuanzie wapi?

NesiWaZamu:

Nendeni hospitali ya wilaya au mkoa, wagonjwa wa nje. Apimwe presha na sukari siku hiyo hiyo, na amweleze daktari kwamba ni dereva na anasinzia mchana. Waombeni rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kabla hamjaenda, akilala usiku mrekodi kwa simu, dakika chache zinatosha, kifua kionekane na sauti isikike. Kama pumzi inakatika usingizini, na hilo humfanya mtu alale bila kupumzika, daktari ataiona. Mnaweza kuambiwa apunguze uzito, alale ubavu, aache pombe ya usiku kama anatumia, au akapimwe zaidi hospitali kubwa. Usimwache aondoke na mzigo unaofuata kabla hajaonwa, hata ikibidi mzigo aupeleke mwenzake.